Nyenze wa Miyuji: shajara ya soksi za neti

28 Septemba: Swali na uwanja

Swali ni moja. Nyenze wa hapa Dodoma akishatoka ardhini na kuota mabawa, anaishi muda gani? Majibu ya mtaani yanaanzia siku moja na kuishia "mpaka apasuke kwa kelele". Nataka jibu la kuhesabu, na naandika hatua kwa hatua ili mwalimu au mwanafunzi mwenye miti miwili mitatu uani aweze kurudia kazi hii bila kutupa hela.

Uwanja ni ua wetu wa Miyuji pamoja na kipande cha jirani: mgunga mmoja mkubwa, mkwaju, na miarobaini mitatu iliyopandwa kwa ajili ya kivuli. Msaidizi ni mpwa wangu wa darasa la sita, ambaye ana macho kuliko mimi na haogopi kupanda.

Njia nimeiazima kwa mwanafunzi wa sekondari wa Japani, mkoa wa Okayama. Huko nako watu wanaamini nyenze huishi wiki moja tu. Yeye alikamata zaidi ya 800, akawaandika namba kwenye mabawa, akawaachia na kurudi kuwatafuta. Walioonekana tena ni wachache sana, lakini mmoja wa aina wanayoiita aburazemi alipatikana baada ya siku 32. Habari zake zilipotangazwa mwaka 2019 nilizihifadhi kwenye simu, na nimezisoma mara nyingi kuliko ninavyosoma magazeti.

Tusichanganye hawa wetu na wale wa Marekani waliotikisa mitandao mwaka 2024. Wale ni wa mashariki ya Amerika ya Kaskazini peke yake, aina saba tu. Nne hukaa ardhini miaka 13 na tatu miaka 17, kisha kundi zima hutoka kwa mpigo. Mwaka 2024 kundi kubwa la 13 na moja la 17 yalitoka pamoja, jambo ambalo kwa makundi hayo mawili halikuwa limetokea tangu 1803. Wa kwetu hutoka kila mwaka bila kungojana. Wanakaa ardhini miaka pia, ila kila mwaka kuna wanaofikia zamu yao.

12 Oktoba: Ndoo haifai

Nyenze wadogo wa mchana wameanza kwenye mgunga. Joto limepanda, vumbi limekolea, mvua bado, na kuanzia saa nne asubuhi hakuna maongezi chini ya mti ule.

Tulianza na njia ambayo kila mtu angeianza: ndoo ya plastiki yenye matundu, kitambaa juu, ndani matawi mabichi ya mgunga yaliyokatwa na kusimamishwa kwenye kopo la maji. Wote walikufa ndani ya siku mbili. Tukabadilisha matawi asubuhi na jioni, wakafa vilevile. Tukaweka maji ya sukari kwenye pamba. Hawakuyagusa.

Sababu iko kwenye chakula chao. Nyenze hatafuni jani na wala hanyonyi ule utomvu mtamu unaoshuka kutoka majanini. Anachoma mdomo wake hadi kwenye mishipa inayopandisha maji kutoka mizizini. Maji hayo ni mepesi, karibu hayana lishe, na mti unayavuta kwenda juu kwa nguvu, kwa hiyo mdudu naye lazima avute kwa nguvu zaidi ya mti. Ule uso uliovimba wenye mistari mistari ni pampu. Ukilikata tawi, hewa inaingia kwenye mishipa na mvuto wa maji unavurugika, hata kama mwisho wake umezama kwenye kopo. Na kwa kuwa maji ni mepesi, inabidi anywe mengi na akojoe mengi. Anayesimama chini ya mgunga wetu saa saba mchana ananyunyiziwa, na mpwa wangu ndiye aliyegundua manyunyu yale yanatoka wapi, akiwa ameachama.

Kwa hiyo kila anayesema "nilimfuga akafa kesho yake" amepima muda ambao nyenze anaweza kukaa na kiu. Umri wake hajaupima.

Suluhisho: mdudu abaki mtini, neti ndiyo imfuate. Unavisha tawi lililo hai soksi ya neti, unafunga huku na huku, nyenze anabaki ndani na mti wake.

26 Oktoba: Chandarua kina dawa

Soksi za kwanza nilizikata kutoka kwenye chandarua cha zamani kilichokuwa kinakaa stoo. Bure, mashimo madogo, kitambaa laini. Nilizivisha kwenye matawi ya mgunga jioni na kuingiza nyenze. Asubuhi wote walikuwa chini ya soksi, miguu juu. Kwenye tawi la jirani lisilo na neti wenzao wanapiga kelele kama kawaida.

Mpwa alisema, "Mjomba, si hiki ndicho cha kuua mbu?"

Ndicho. Vyandarua vinavyogawiwa kliniki na shuleni vimetiwa dawa ya jamii ya pareto, na dawa hiyo haichagui kati ya mbu na nyenze. Nilidhani ukongwe umeimaliza, nikafua kwa sabuni na kuanika juani siku kadhaa. Wakafa tena, pole pole zaidi. Kumbe vyandarua hivi vinatengenezwa vistahimili kufuliwa mara 20 bila dawa kuisha nguvu. Kile chetu hakikuwa kimefuliwa hata nusu ya hapo, jambo ambalo mke wangu hataki liandikwe.

Kwa anayeiga: usitumie chandarua cha kulalia, kipya wala chakavu. Kwanza kinaua, pili kuna mtu angelala ndani yake.

Nilikwenda Soko la Majengo nikanunua neti nyepesi ya pazia, mita tatu kwa 7,000 kila mita. Upana wake unazidi mita 2.7, kwa hiyo hata vipande vya sentimita 90 kwa 90 vinatoka tisa. Fundi alishona kila kipande kuwa mrija na kuacha ncha zote mbili wazi, 10,000 kazi nzima. Alidhani ni mifuko ya kuhifadhia mahindi akanishauri nitumie turubai.

9 Novemba: Sisimizi

Neti ya pazia haina dawa, na hilo nalo likaleta lake. Sisimizi walipanda tawi, wakapenya pale soksi ilipofungwa, na kumkuta mnyama mkubwa asiye na pa kukimbilia. Asubuhi yalibaki mabawa.

Kufunga kwa kamba nyembamba hakutoshi, kwa sababu gome la mgunga lina mikunjo na kila mkunjo ni mlango. Sasa tunazungushia kwanza kitambaa cha pamba kilichokunjwa, soksi inakaa juu yake, na lastiki pana inabana vyote. Huo ndio ulinzi wa ndani.

Ulinzi wa nje ni grisi ya fundi pikipiki. Tuliipaka moja kwa moja kwenye gome, na kufikia mchana ilikuwa imeyeyuka na kuchuruzika hadi kwenye soksi. Jua la Novemba la hapa halina adabu. Isitoshe, grisi kwenye gome si afya ya mti. Kilichofanya kazi ni solotepu pana kuzunguka tawi, nusu mita chini ya soksi, na grisi kidogo juu ya solotepu, upande wa chini tu unaopata kivuli. Inabidi kuipaka upya kila baada ya siku chache kwa sababu vumbi linaigeuza daraja. Na hakikisha hakuna kijitawi kinachogusa ukuta au waya wa nguo. Sisimizi walitumia waya wa nguo kwa muda mrefu kabla hatujawashtukia.

Lastiki 2,000, grisi 3,000, solotepu 2,500.

16 Novemba: Kipimajoto

Kipimajoto cha jikoni, 15,000, hakikuhitajika. Wale wa Marekani hungoja udongo ufike kama nyuzi 18 kwa kina cha sentimita 20 ndipo watoke. Nilichomeka chetu kwa kina hicho mara kadhaa, alfajiri na mchana. Udongo wa Miyuji uko juu ya hapo muda wote, kwa hiyo joto hilo haliwezi kuwa kengele yao hapa. Kifaa kimehamia jikoni kinapima maziwa.

30 Novemba: Wakubwa wametoka

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha usiku wa Jumatano. Hapa tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili, kwa hiyo udongo ulikuwa haujalowa tangu kabla ya Pasaka. Asubuhi yake chini ya mkwaju kulikuwa na matundu ya duara yanayoingia ncha ya kidole, kingo zake safi kama yametobolewa kwa kekee. Usiku uliofuata tulikaa na tochi.

Hawa si wale wa mchana. Ni wanene, mabawa yana madoa ya kahawia, sura ya kundi la Platypleura. Tunutu, yaani nyenze mchanga asiye na mabawa, anatoka kwenye tundu baada ya giza kuingia, ana rangi ya tope, miguu ya mbele kama ya mchimbaji. Anapanda shina taratibu hadi kimo cha kifua cha mtu, wengine zaidi, anashika gome na kutulia. Kisha mgongo unapasuka. Anajitoa kwanza kichwa na kifua, ananing'inia kichwa chini, anajikunja kulishika gamba na kuvuta mkia. Mabawa yanatoka yakiwa vifundo, yananyooka mbele ya macho yako. Wakati huo ni mweupe wa kijani hivi, laini, na huwezi kuamini ndiye yule atakayekuzibisha masikio wiki ijayo. Ndani ya gamba linalobaki kuna nyuzi nyeupe: ni bitana ya mirija yake ya hewa, nayo ameivua.

Tulitaka kuwatia alama usiku uleule, kabla hawajaruka. Kalamu ya wino mzito haikufaa kwa sababu bawa lenyewe lina madoa, alama inapotea. Rangi ya kucha nyeupe ilionekana vizuri, ila ya usiku iliharibu. Ngozi bado ni mbichi. Tone likikauka linaivuta, na wawili walibaki na bawa lililokunjamana. Aliyekunjamana haruki, na asiyeruka ni wa hondohondo asubuhi.

Sasa tunangoja alfajiri. Kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili ameshakuwa mgumu na mweusi lakini bado ana baridi, hana haraka. Tone moja dogo mgongoni, katikati, mbali na matundu ya hewa ya ubavuni. Nyeupe ni wa wiki ya kwanza, waridi ni wa wiki ya pili. Chupa mbili, 3,000.

Walioingizwa kwenye soksi wanaingizwa saa hizo hizo, mmoja au wawili kwa soksi moja. Zaidi ya hapo wanasumbuana.

Kuku wa jirani wamejua saa. Wanakuja kabla ya jua.

14 Desemba: Magamba, na sauti

Magamba ndiyo hesabu bora kuliko masikio. Kila gamba ni nyenze mmoja aliyetoka, halipigi kelele na halihamii mti wa pili. Ila ni lazima uyaokote yote kila asubuhi, la sivyo utayahesabu tena kesho. Likishika vizuri linakaa wiki nyingi. Yale ya juu sana tunayatoa kwa fimbo ya mwanzi. Ukiligeuza na kuangalia chini ya mkia, gamba la jike lina alama ya mfereji pale mrija wa kutagia ulipokuwa unaumbika. La dume halina. Asubuhi za mwanzo madume yalikuwa mengi waziwazi, kisha majike yakayafikia. Kwa nyenze ni kawaida madume kutangulia.

Mkwaju umetoa zaidi, mgunga unafuata, miarobaini karibu hakuna. Mzee jirani alinikuta nikijaza magamba kwenye kopo la maziwa. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba mwanangu," akaangalia kopo. "Wenzako walijivua gamba mwaka 2011, wewe leo ndiyo unaokota?" Alimaanisha CCM na kampeni yao ya "kujivua gamba". Siasa haziishi Dodoma.

Upande wa sauti sikufika mbali. Programu ya simu ya kupima kelele inapanda vizuri halafu inagota, kwa sababu maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaoongea. Nyenze mmoja wa Afrika, Brevisana brevis, amewahi kupimwa kwa vifaa vya maana na kufikia desibeli 106.7 kwa umbali wa nusu mita. Kwa simu usijaribu. Kilichofaa ni kuandika saa tu: wadogo, saa nne hadi saa tisa, wakubwa, dakika chache alfajiri na kipindi kirefu magharibi, mara nyingi wakigongana na adhana. Watafiti wa Afrika Kusini wamekuta baadhi ya Platypleura wanaoimba magharibi miili yao ina joto kuliko hewa, wakijipasha kwa misuli yao wenyewe. Ndiyo maana wanaweza kuimba jua likiwa limezama na manyigu na baadhi ya ndege wameshalala.

Waimbaji ni madume tu. Ubavuni mwa tumbo kuna viwambo viwili ambavyo msuli unavibonyeza na kuviachia haraka mno, na tumbo lenyewe ni tupu ndani, linakuza sauti.

4 Januari: Umri

Soksi mbili zilipasuliwa na upepo wa mvua na moja niliifungua mwenyewe kwa sababu tawi lilikuwa linakauka. Kwa zilizobaki, nyenze wakubwa wengi waliishi kati ya wiki mbili na tatu. Wachache waliokufa siku za mwanzo walikuwa na bawa bovu au mguu uliokatika. Jike mmoja wa mkwaju alivuka Krismasi na mwaka mpya akiwa mzima, na bado anakojoa; anakaribia wiki ya tano.

Wenye alama walio huru wameonekana tena wachache, kama ilivyokuwa Japani. Mmoja mwenye tone jeupe tulimkuta kwenye mwarobaini wa jirani zaidi ya wiki mbili baada ya kumwachia, akiimba. Kutoonekana hakumaanishi wengine wamekufa. Mgunga ni mrefu, nao wanaruka.

Nasoma matokeo hivi. Soksi inampa nyenze umri mrefu kuliko wa kawaida, kwa kuwa mlamba, hondohondo, mjusi na kuku hawamfikii. Huru angeishi pungufu, si kwa sababu mwili umekwisha bali kwa sababu ameliwa. Siku moja ya mtaani ni uongo, wiki moja ni ya wenye bahati mbaya. Wiki mbili hadi tatu ndilo jibu langu kwa mkubwa wa jioni, mpaka msimu ujao unisahihishe. Wale wadogo wa mchana soksi zao ziliharibiwa na dawa na sisimizi, kwa hiyo jibu lao litasubiri Oktoba.

25 Januari: Zabibu

Mzee jirani ana mizabibu michanga nyuma ya nyumba na alitaka kujua kama wageni wangu ni wezi. Tulipita mstari kwa mstari. Kwenye vijiti viwili vya mzabibu tuliona mipasuko midogo iliyopangana, gome limetokeza nyuzi nyuzi: jike amechana na kutaga ndani. Ncha za vijiti hivyo zimekauka. Mzabibu mkubwa hautajali, mche mchanga unaweza kurudi nyuma. Huko Marekani, kundi likitarajiwa kutoka, wakulima hufunika miche michanga ya matunda kwa neti yenye matundu madogo mpaka msimu upite, maana kupuliza dawa hakusaidii sana wakati wengine wanazidi kuja.

Tumemvisha miche yake kwa soksi nne zilizobaki. Amezipenda, na sina hakika zitarudi.

22 Februari: Hesabu, na kilichobaki

Jumla ni 60,500: neti 21,000, fundi 10,000, kipimajoto 15,000, betri za tochi 4,000, na vitu vidogo vya lastiki, grisi, solotepu na rangi ya kucha 10,500. Ukiacha kipimajoto unabaki na 45,500, na kama una cherehani nyumbani, 35,500. Shona Septemba. Desemba na Januari mafundi wote wamebanwa na sare za shule, utaambiwa "njoo kesho" mpaka nyenze waishe.

Jike wa mkwaju alikufa kabla ya katikati ya Januari. Ndani ya soksi yake alikuwa ameacha mipasuko kwenye vijiti vitatu, na soksi sikuiondoa. Chini yake, palepale mtini, tumening'iniza ndoo yenye udongo wa uani na mche wa mkwaju wenye umri wa miezi mitano, mdomo wa ndoo ukiwa ndani ya neti. Mayai yakianguliwa, vitunutu hujiachia kutoka kijitini na kuanguka chini, kisha huchimba kutafuta mzizi. Kwa kawaida huangukia popote. Hapa vitaangukia kwenye mzizi mmoja ninaoujua.

Tatizo la sasa ni maji. Ndoo iliyoning'inia inakauka haraka kuliko ardhi, na ukimwagilia kwa nguvu udongo unaziba. Tumetoboa kofia ya chupa ya maji ya nusu lita na kuichomeka kichwa chini pembeni mwa mche, ikidondosha taratibu. Mpwa anaijaza akitoka shule. Vijiti tunavikagua kwa kioo cha kukuzia kila Jumamosi, na mipasuko miwili imeanza kufunguka.

Ndoo haitafukuliwa kabla ya mvua za mwakani. Nitaongeza hapa ikifukuliwa.